Gunia Lililomezwa na Tanuri la Gesi

Mliosoma Jumamosi iliyopita mnajua nilipoishia: nimesimama mbele ya kuku sita wa Maman Nyirabagenzi, wote wamelala chali, na mkononi nimeshika bomba linalovuja.

Kwa wale ambao gazeti lao lilifungiwa maandazi kabla hawajalisoma, nieleze kwa ufupi. Naitwa Cassien, fundi wa kuchomelea vyuma. Nimezaliwa Bukavu, mtoto wa Wanyarwanda waliokimbilia huko zamani. Mwaka 1995 nikarudi nchini, nikaishia Bugarama, kwenye uwanda wa mpunga, ambako hadi leo wananiita Mukongomani, yaani Mkongo. Ilipofika Januari 1999, vita vya ng'ambo ya mpaka vilikuwa vimeifanya mazuti, yaani dizeli, kuwa adimu kuliko asali. Mashine ya kukoboa mpunga ya chama cha akina mama ilikuwa kimya mwezi mzima. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nikasema naweza kuiendesha kwa takataka.

Nilisema vile kwa sababu Concessa, binti wa Maman Nyirabagenzi, alikuwa amesimama pale anasikiliza. Huo ndio ukweli wa kwanza ninaoukiri leo. Ukweli mwingine ni mbaya zaidi, na tutaufikia.

Basi, kuku. Maman Nyirabagenzi, ambaye ndiye rais wa chama na ndiye mwenye ua ule, aliwahesabu kwa kidole.

"Cassien, hii gesi yako inaua."

"Maman, ilivuja kidogo tu."

"Kidogo imeua kuku sita. Ikivuja mingi itaua nani?"

Gesi ile haina rangi, na mtu akiivuta ndani ya nyumba iliyofungwa analala asiamke. Nilikuwa nimeliweka tanuri langu la takataka karibu na banda la kuku, nikasahau kwamba nao wanapumua.

"Sikiliza," akasema. "Mercredi saa sita, kamyo ya shule inakuya kubeba muchele. Magunia makumi tatu. Kama mashini haitembei, banaenda kununua kwa batu bengine. Na wewe unarudia kwenu."

"Kwetu ni hapa, Maman."

"Basi unarudia kule kwenu kwingine."

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa na siku nne mpaka Jumatano.

Niwaeleze ile kazi yenyewe, maana wengi waliniandikia wakiuliza kama ni uchawi. Takataka ukiiwasha na kuipa hewa yote inayoitaka, inaungua, unabaki na moshi na majivu. Lakini ukiifungia ndani ya pipa, ukaibania hewa, na joto likapanda mpaka ndani kuwe kwekundu kama nyanya, haipati nafasi ya kuungua vizuri. Inavunjikavunjika na kutoa gesi. Gesi hiyo ukiipoza kwenye maji na kuichuja, injini ya petroli inaikubali. Mzee mmoja wa Bukavu aliyenifundisha kuchomelea aliniambia kwamba zamani za vita vya Wazungu aliona magari yakitembea kwa makaa.

Tatizo langu lilikuwa joto. Pipa tupu halishiki joto. Joto likiwa dogo, gesi inatoka na lami nyeusi, lami inaziba mabomba, mabomba yanapasuka kwenye viungo, na kuku wanakufa.

Aliyeniokoa ni rafiki yangu Gad, mfanyakazi wa kiwanda cha simenti. Kule tanuri lao limejengwa kwa matofali maalumu yasiyoogopa moto, na yakivunjika yanatupwa jalalani. Gad aliniletea vipande kwa baiskeli, safari kumi na moja kwa siku moja.

"Chef ameniuliza kama minajenga kanisa," akasema huku anajipangusa jasho.

"Umemujibu nini?"

"Nimesema ndiyo. Sasa anataka kujua ni ya dini gani."

Tukayapanga matofali ndani ya pipa, tukayashika kwa udongo wa kichuguu, tukalihamishia tanuri uwanjani mbali na banda. Gad akatengeneza feni ya kusukuma hewa inayozungushwa na baiskeli yake iliyogeuzwa juu chini. Injini tulikuwa nayo, ya Peugeot 404 iliyokufia kandokando ya barabara ya Nyakabuye na kuachwa na mwenyewe.

Kilichobaki ni chakula cha tanuri. Pumba za mpunga tulikuwa nazo mlima mzima, ila ni nyepesi, zikijazana peke yake zinazuia hewa. Zinataka kuchanganywa na vitu vigumu vikavu. Jumapili nikaomba tangazo litolewe makanisani, na msikitini pia wakanisaidia kuwaambia watu: kila nyumba ilete takataka kavu, magunzi ya mahindi, vifuu vya mawese, maganda ya kahawa, mifuko ya karatasi ya simenti.

Nilisema kavu. Nilisema mara tatu.

Jumatatu asubuhi ua ulijaa. Waliniletea maganda ya ndizi yanayochuruzika. Waliniletea kitanda chenye kunguni walio hai. Mama mmoja kutoka Gitambi alitembea saa tatu kuniletea suruali za mume wake, zote, na mume mwenyewe akafika nyuma yake amejifunga kitenge, akaniomba kwa sauti ya chini nimrudishie hata moja.

"Maman, ni za kutupa kweli?" nikamuuliza yule mama.

"Ni zake njo za kutupa," akasema. "Yeye nitaamua kesho."

Nilimrudishia mbili.

Jioni watu walipopungua, Maman Nyirabagenzi alikuja peke yake na jozi ya viatu vya ngozi, vyeusi, vimepakwa rangi vizuri. Vilikuwa vya mume wake. Sikumuuliza amekufaje. Miaka ile hapakuwa na mtu aliyeuliza.

"Bimekaa miaka tano chini ya kitanda," akasema. "Weka mu mashini."

Nilivishika. Nikamwambia uongo, kwamba ngozi inaharibu gesi.

"Basi kama mashini haibitaki," akasema, akavichukua, akarudi navyo ndani akiwa amevibeba kifuani. Tangu siku ile sikuweza tena kumwogopa kama zamani, ingawa sababu za kumwogopa zilizidi, kama mtakavyoona.

Jumatano ikafika.

Saa mbili asubuhi Gad alipanda kwenye kiti alichojitengenezea, akaanza kukanyaga pedali. Niliwasha moto kwa mkaa, nikamimina magunzi na pumba, nikafunga mfuniko. Ua mzima ulikuwa umejaa wanachama na mpunga wao. Walikuwa wameacha mita ishirini kati yao na mimi, na kuku waliobaki walikuwa wamefungiwa ndani ya nyumba.

Kwenye bomba la kujaribia nikaweka kiberiti. Mwali ukatoka wa rangi ya machungwa, wenye masizi.

"Lami," nikamwambia Gad. "Ongeza."

"Miguu yangu si ya chuma."

"Ongeza."

Akaongeza. Robo saa. Nusu saa. Nilichungulia kwenye tundu, nikaona matofali yamekuwa mekundu, kisha yamekaribia weupe. Nikaweka kiberiti tena. Mwali ukatoka wa buluu, karibu usionekane, na bila moshi wowote.

Nikafungulia gesi iende kwenye injini, nikazungusha hendeli. Ikakohoa. Nikazungusha tena. Ikakohoa mara mbili, ikapiga chafya, ikashika.

Mkanda ukaanza kuzunguka, mashine ya kukoboa ikaitika, na dakika chache baadaye mchele mweupe ukaanza kudondokea kwenye beseni. Akina mama hawakupiga vigelegele kwanza. Walisogea mmoja mmoja, wakachota, wakatafuna mbichi kuhakikisha. Ndipo mmoja akaanza kuimba.

Concessa alikuwa anafunga midomo ya magunia. Alinitazama akacheka, meno yote nje. Nawaambia ukweli, kwa dakika ile ningekubali kufa kama kuku.

Ndipo Ladislas akaingia.

Ladislas alikuwa muuza mazuti. Aliipata Kamanyola, ng'ambo ya mto, kwa jerikani, na tangu vita vianze hakuna mtu Bugarama aliyekuwa na viatu safi kama vyake. Ikiwa injini yangu inakula magunzi, biashara yake imekwisha. Alikuja na mjomba wake, Mzee Vénuste wa Nyakabuye, na wazee wengine wawili, wote ndani ya makoti mazito kwenye joto la Bugarama. Nyuma yao mtu alibeba gunia. Wakanisalimia kwa heshima, wakaingia nyumbani kwa Maman Nyirabagenzi.

"Bamekuya kufanya nini?" Gad akaniuliza kutoka kwenye baiskeli.

"Kuona tunavyoshindwa," nikasema. "Kanyaga."

Saa tano tulikuwa tumekoboa magunia ishirini na mawili. Hapo magunzi yakaisha. Pumba zilikuwapo, lakini bila kitu kigumu zingelifunga tanuri lote. Nikapiga kelele niletewe chochote, chochote kikavu.

Concessa akatoka ndani ya nyumba kwa haraka, amebeba gunia mgongoni. Akalitua miguuni pangu.

"Weka na hii," akasema.

"Ni nini?"

"Ni kavu."

Gunia lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu, L.N. Niliziona herufi zile, lakini sikuzisoma. Nilikuwa namtazama yeye. Nikakata kamba, nikafungua mfuniko, nikamimina gunia zima kwa mkupuo mmoja.

Lilikuwa la pilipili. Pilipili kavu, ile ndogo nyekundu.

Zilizofika chini kwenye moto mkali zilivunjika zikawa gesi kama takataka nyingine yoyote, na injini haikujua tofauti. Lakini pilipili ni nyepesi. Nyingi zilikwama juu, chini ya mfuniko, zikaanza kuungua polepole, na moshi ukapanda.

Sitasahau. Gad ndiye aliyekuwa wa kwanza. Aliacha kukanyaga, akashuka, akaenda moja kwa moja hadi kwenye karo la maji akatumbukiza kichwa. Kisha ua mzima ukaanza kukohoa. Akina mama walitupa nyungo, wakajifunika vitenge. Watu waliita majina ya watoto wao bila kuwaona. Wazee wa Nyakabuye walitoka ndani wakipapasa ukuta.

Kamyo ya shule ikachagua kuingia wakati huo. Dereva alifungua mlango, akavuta pumzi moja, akafunga mlango.

Nilifunika tanuri kwa magunia yaliyoloweshwa, machozi yananitiririka mpaka shingoni. Na muda wote huo injini ilikuwa inaendelea kunguruma, mkanda unazunguka, mchele unamwagika hakuna wa kuukinga.

Ndipo nikazisoma zile herufi, za mwanzo za jina la Ladislas. L.N.

Nilimtafuta Ladislas, nikamkuta amejishika kwenye nguzo ya veranda, nikamkamata kola mbele ya watu wote.

"Ni wewe," nikamwambia. "Umeleta pilipili kuniharibia kazi. Umeona mazuti yako haitauzwa tena, ukaja na gunia lako kunifedhehesha."

Ladislas hakuweza kujibu. Alikuwa anapiga chafya. Aliyejibu ni Mzee Vénuste, macho yamevimba, lakini sauti yake imetulia.

"Mwanangu, ile gunia haikuwa ya mashini. Maman Présidente ni mulokole, pombe haingie kwake. Tumejua anauzaka pilipili Bukavu, tukamuletea pilipili. Leo tumekuya kushika irembo."

Kushika irembo ni kuja kushika mlango. Ndiyo hatua ya kwanza ya kuomba binti wa watu.

Nikaiachia ile kola. Nikajaribu hata kuinyoosha.

"Ladislas anamutaka Concessa," Mzee akaongeza, kama vile nilikuwa sijaelewa. "Zawadi yetu umeichoma wewe."

Watu walikuwa bado wanakohoa. Maman Nyirabagenzi akajipangusa macho kwa ncha ya kitambaa.

"Muchele kwanza," akasema. "Hayo mengine nyuma."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Moshi ulipopungua tukarudi kazini, tanuri likimalizia pilipili zilizobaki ndani pamoja na pumba kidogo. Gad akapanda baiskeli kichwa kikiwa kimelowa. Wazee watatu wa Nyakabuye, na makoti yao, walijikuta wanabeba magunia kwa sababu Maman aliwaonyesha kidole. Ladislas alibeba matano. Saa saba kasoro, magunia thelathini yalikuwa ndani ya kamyo.

Dereva alichota mchele, akaunusa, akapiga chafya.

"Maman, huu muchele iko muzuri?"

"Muchele iko muzuri. Ni hewa njo mubaya leo. Tembea."

Kamyo ikatembea. Nikazima injini. Ilikuwa imefanya kazi saa nne bila tone la mazuti, na hakuna aliyenipongeza.

Maman Nyirabagenzi akakaa kwenye kiti chini ya veranda. Wazee wakaketi kwenye benchi. Ladislas akasimama upande mmoja, mimi upande mwingine, na Concessa nyuma ya mama yake.

Mzee Vénuste akasafisha koo.

"Maman Présidente, sisi hatuna hasira. Tunataka kujua kitu moja tu. Gunia tuliiacha ndani ya nyumba, nyuma ya mulango. Nani aliitoa?"

Akailaza fimbo yake mapajani.

"Minauliza kwa sababu iko tofauti," akaendelea taratibu. "Kama ni muntu wa nyumba, basi zawadi yetu imepokelewa na imetumiwa. Muntu akila zawadi ya irembo, ameshafungua. Binti ni wetu, tunapanga siku. Lakini kama ni muntu wa inje aliingia akabeba, huo ni wizi. Tunaenda naye kwa conseiller, mukubwa wa serikali hapa, leo hii."

Sheria ile sikuwahi kuisikia, Bukavu wala Bugarama, na mpaka leo nadhani aliitunga palepale huku akipangusa pua. Lakini wazee wenzake walitikisa vichwa kukubali, na ikawa sheria.

Nikapiga hesabu. Nikisema kweli, Concessa ni wa Ladislas. Nikisema uongo, mimi ni mwizi, na mwizi anayeitwa Mukongomani, mwaka ule, angeeleza mambo mengi sana mbele ya ofisi ya conseiller kabla hajarudi nyumbani. Tanuri langu lingeng'olewa, na Gad angerudisha matofali jalalani.

Nilimtazama Concessa. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Na huu ndio ukweli mbaya niliowaahidi. Siku zote nimewasimulia watu kwamba nilisema nilichosema kwa ushujaa. Si kweli. Nilikuwa nimeogopa kiasi kwamba mdomo ulifunguka wenyewe, na kama ungechelewa kidogo nadhani ungetoa jina lake.

"Ni mimi," nikasema. "Niliingia ndani nikaibeba. Hakuna aliyeniona."

Ladislas akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile kama mtu anayemtazama mtu. Mzee Vénuste akashika fimbo yake ili asimame.

"Basi twende."

"Hapana," Concessa akasema.

Alitoka nyuma ya kiti cha mama yake. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya wote, kwa hiyo sikuweza kujua kama analia au ni pilipili.

"Cassien anaongopa. Hajawahi kuingia mu nyumba yetu, hata kuketi. Ni mie nilibeba gunia. Nilijua iko nini ndani, na nilijua ni ya nani."

Mzee Vénuste akarudi kukaa, akatabasamu kwa upole. "Basi umepokea, binti yangu."

"Sikupokea, Papa. Nilichoma."

Tanuri langu lilikuwa linapoa na kutoa sauti za chuma kinachojikunja. Sheria yake haikuwa na kifungu cha binti anayechoma. Mzee akamgeukia mama mwenye nyumba.

"Maman Présidente, sasa ni wewe."

Maman Nyirabagenzi hakumtazama yeye. Hakumtazama binti yake wala Ladislas. Aliinuka, akashuka ngazi mbili za veranda, akaja kusimama mbele yangu, karibu kiasi kwamba niliona punje ya mchele imenasa kwenye nyusi zake.

"Cassien," akasema. "Ulijua?"

Nikisema nilijua, basi mimi na binti yake tulikula njama kuwaaibisha wageni wake mlangoni mwake. Nikisema sikujua, basi dakika mbili zilizopita nilimdanganya mbele ya wazee, na mtu anayedanganya bila sababu ana sababu moja tu, na sababu hiyo ilikuwa imesimama nyuma yake na macho mekundu.

Ua mzima ulikuwa unanisubiri. Gad alishuka kwenye baiskeli ili asikie vizuri.

Nikavuta pumzi, ambayo bado ilikuwa na pilipili, nikafungua mdomo kujibu, na kikatoka kikohozi. Nilikohoa mpaka nikainama, nikakohoa mpaka machozi yakadondoka chini, na Maman Nyirabagenzi akanishika bega kwa mkono mmoja, akanishikilia nisianguke, akangoja.

"Kohoa, Mukongomani," akasema. "Sina haraka."